Nguzo Katikati ya Njia

Tarehe 4 Februari

Mwanangu,

Marahaba, maana najua kama ungekuwa hapa ungeanza na shikamoo. Mimi mzima, na cherehani nayo nzima, isipokuwa mkanda unateleza na mguu wangu wa kulia umechoka kuubembeleza. Kaburi la mama yako nimelipalilia juzi. Nyasi za huko zinaota kwa kiburi.

Nimeshika kalamu kwa jambo la watu, si langu peke yangu. Tumesikia kwamba barabara ndefu inayoshuka kutoka huku kwetu hadi sokoni itawekewa njia ya baiskeli, na kwamba mchoro uko ofisini kwenu. Habari aliileta mwuza maziwa. Alipotaja ofisi, watu wote wakanigeukia kana kwamba rula ninaishika mimi. Basi Jumapili tukakaa nje ya duka langu, wapanda baiskeli wa mtaa mzima: mwuza maziwa mwenyewe, fundi bomba, wauguzi wawili wanaokwenda zamu ya asubuhi, na yule mwalimu anayempakia mwanawe kwenye keria. Wakasema, Fundi, mwandikie mwanao, wewe ndiye mwenye mkono mrefu.

Hawataki rangi tupu. Mtaa wa pili walichorewa mstari, na leo mstari ule ni maegesho ya watu wanaonunua mikate. Wanataka ukingo wa zege, wa kumfanya dereva alihurumie tairi lake. Muuguzi mmoja alisema angependa njia iwe pana, watu wawili waende wakizungumza, halafu akaona haya akasema basi, hata mmoja aweze kumpita mwenzake. Fundi bomba anaomba vile vifuniko vya mitaro vyenye mianya vilazwe kukata njia, visilazwe kuifuata, maana gurudumu lake lilishawahi kuzama humo, baiskeli ikasimama, yeye akaendelea na safari. Tulicheka, lakini jino la mbele hana tangu siku hiyo. Na wote wamelia na jambo moja, kwamba njia isiishie njiani. Kila njia ya baiskeli tuliyowahi kuiona hufa pale penye hatari, pale stendi malori yanapokata kona, kama vile mchoraji aliitwa kula.

Langu mimi ni dogo. Kingo zipakwe nyeupe, nyeupe ya kweli, na kusiwe na kitu kilichosimama katikati ya njia. Basi.

Simu usijisumbue kunipigia. Kioo chake kimekufa, na barua mtu unaishika mkononi.

Baba yako,
Fundi

———

Tarehe 19 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia.

Barua imenifikia na nimeisoma na mkeo, yaani mkweo, usije ukamwambia mtu nimekuoza. Ameuliza kwa nini baba anatukaripia. Nikamwambia hakaripii, ni herufi tu zimekuwa kubwa. Baba, umetumia karatasi nne kwa maneno ya karatasi moja. Unaandika bango la duka?

Nimeyapeleka maombi yenu kwa mkuu wa idara, na sikuyasema kama ya baba yangu, ili yasidharauliwe. Upana mmepata, watu wawili wanaweza kwenda wakizungumza, mwambie muuguzi. Vifuniko vitalazwa mnavyotaka. Ukingo wa zege utakuwa kuanzia mtaani hadi shule, baada ya hapo fedha hazitoshi. Kwa hiyo kwenye kila mlango wa njia tutaweka nguzo fupi za zege, za urefu wa goti, gari lisiweze kuingia. Makutano ya stendi hayamo katika mkataba. Najua ndipo penye hatari. Mchoro unaishia pale mkataba unapoishia, na mimi sikuuandika mkataba.

Sasa langu. Chumba chako hapa kipo, kitanda kimetandikwa tangu tumzike mama. Yeye alikuwa anakuzuia usiende na baiskeli mvua ikinyesha. Sasa nani anakuzuia? Sitaki kuja kukuokota barabarani. Nakuambia mapema ili tusije kugombana: siku nikisikia umeanguka, hata mara moja, nakuja kukuchukua, na duka tunalifunga.

Nakupenda, usinune.

Mwanao,
Mhandisi

———

Tarehe 2 Machi

Mwanangu Mhandisi,

Sijanuna. Umefanya kazi kubwa na watu wanakushukuru. Muuguzi ameona haya tena.

Lakini nguzo hapana. Nakuomba nguzo ziondoke kwenye mchoro huo kabla wino haujakauka. Mwuza maziwa anafunga madumu kila upande, baiskeli yake ni pana kama kitanda. Atapita wapi? Na yule mwalimu ana mtoto nyuma, baiskeli inayumba. Njia ya baiskeli iwe kama kitambaa kilichonyooshwa mezani, mtu apitishe mkono wake juu yake asikute kitu. Weka ukingo pembeni, weka hata ukuta pembeni ukitaka, wa kuyazuia magari yasinijie ubavuni. Katikati paache patupu.

Kama ni lazima, kama mkuu wako amekwisha kula yamini, basi zipakwe nyeupe.

Kuhusu chumba, nashukuru, na mkweo mwambie namwombea heri. Ghorofa ya sita mimi nitafanya nini? Kumshonea nani huko, kunguru? Hapa watoto wa shule wanakuja na suruali zilizochanika, wananiambia uongo jinsi zilivyochanika, nami nacheka siku nzima. Baiskeli naiendesha polepole. Sijaanguka.

Baba yako,
Fundi

———

Tarehe 20 Machi

Baba,

Shikamoo.

Nimemwagiza msaidizi wetu aliyeko huko apime baiskeli ya mwuza maziwa, na madumu yake yakiwemo. Inapita, na nafasi inabaki. Sikulala juu ya suala hili, nakuhakikishia. Nguzo zikiondolewa, kwa wiki moja tu magari yatakuwa yamejaa humo, na ninyi mtarudi kwenye lami pamoja na malori. Nimeliona mara nyingi, si jambo la kubuni. Rangi ya nguzo imo katika awamu ya pili, mwakani.

Baba, mimi sikufundishi kukata suruali. Naomba barabara uniachie mimi.

Naandika nikiwa nimechoka, usinielewe vibaya. Ofisini tuko wachache na kila mtaa una Fundi wake.

Mwanao

———

Tarehe 8 Julai

Mwanangu,

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Vifungo, yule anayeuza vifungo, nyuzi na zipu. Mimi nimejichoma sindano kwenye kidole cha shahada na kimevimba, kalamu haishikiki. Si kitu cha kutisha.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu ya kazi. Sare za shule zilikuwa nyingi.

Njia yenu imekamilika na imefunguliwa. Ni nzuri. Watu wanaisifu asubuhi na jioni. Muuguzi na mwenzake wanakwenda wakizungumza kama walivyotaka. Vifuniko vimelazwa vizuri, fundi bomba amepita juu yake makusudi mara kadhaa akitabasamu na pengo lake. Hata nguzo nazo hazina neno. Ulikuwa na haki, na mimi ni mzee mbishi.

Mama Vifungo ameweka kalamu chini mara mbili hapa. Anasema mkono umemchoka. Kwa hiyo niishie.

Mimi mzima kabisa.

Baba yako,
Fundi
(kwa mkono wa jirani)

———

Tarehe 22 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na kidole. Kiloweke kwenye maji ya chumvi, na umshukuru Mama Vifungo kwa niaba yangu. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wa sisi wote wawili.

Barua yako nimetembea nayo mfukoni wiki nzima. Hujui ilivyonipa nguvu. Mimi niliondoka nyumbani nikiwa mtoto wa fundi, na hii ni kazi yangu ya kwanza ambayo baba yangu anapita juu yake kila siku kwenda kazini. Nilipoisoma ile sehemu ya nguzo nilimwita mwenzangu wa meza ya pili nikamsomea. Nikamwambia, huyu ni mtu ambaye hajawahi kukubali kushindwa hata kwenye karata. Unaona sasa ulivyozipinga bure?

Hapa tumeombwa kuweka nguzo kama hizo katika miji mingine. Nitakuwa nikisafiri. Nikipata nafasi nitapita kukuona, na wewe utanipa baiskeli yako niijaribu njia.

Mwanao mwenye furaha,
Mhandisi

———

Tarehe 5 Agosti

Mwanangu Mhandisi,

Hujambo. Ninaandika mimi, Mama Vifungo, na safari hii hakuna aliyenisimamia. Baba yako amelala. Nilimwahidi nitanyamaza, na nimenyamaza mpaka nikaona kunyamaza kwenyewe ni dhambi.

Hakujichoma sindano. Njia ilipofunguliwa, asubuhi ya siku ya kwanza, kulikuwa na manyunyu. Lami ilikuwa ya kijivu, mbingu za kijivu, na nguzo zenu za kijivu. Alitoka kwake mapema ili awe wa kwanza kupita. Alivaa shati lake la harusini. Mwuza maziwa alikuwa nyuma yake, akamwona anakwenda moja kwa moja kwenye nguzo kama mtu anayekwenda kumwamkia rafiki. Akampigia kelele. Baba yako aliinua mkono kumpungia. Amevunjika mtulinga na kifundo cha mkono wa kulia, na goti halikunjiki tena. Tulimpeleka hospitali juu ya mkokoteni, maana hakuna gari lililosimama.

Sasa lililo zito. Daktari alimwangalia macho. Ni presha ya macho, ya siku nyingi, na kilichokufa hakifufuki. Anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Pembeni haoni, chini haoni. Gari likimjia ubavuni, kwake halipo mpaka limfikie. Ndiyo maana alililia ukingo. Kitu cha urefu wa goti kwake hakipo kabisa. Na hata hilo tundu linaziba, daktari amesema hivyo mbele yangu.

Mimi nilijua kabla ya daktari. Kwa miaka miwili ninamtungia uzi kwenye sindano. Anakuja na sindano kumi kwa mpigo, anasema anataka kuniona tu. Mwaka jana alimshonea mtoto wa watu suruali ya sare, mguu mmoja mweusi na mwingine wa bluu. Mtoto aliivaa, hakusema kitu, wakachekwa wote wawili.

Barua zako ninamsomea mimi. Ile ya Machi, ya kukata suruali, nilitaka kuuruka mstari ule. Sikuuruka. Akasema, "Amekua." Na hii ya juzi, yenye neno la kupinga bure, aliniambia rudia. Nikarudia. Akasema, "Unasikia furaha yake? Usije ukamharibia."

Alikuficha kwa sababu ya maneno yako mwenyewe, kwamba akianguka utamchukua na duka litafungwa. Sikulaumu. Wewe hukuambiwa, na mtu hawezi kuchora asichoambiwa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii hakusikia mmoja, akavunjika mwingine.

Njoo. Usiandike, njoo.

Mama Vifungo

———

Tarehe 30 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama. Sikuwahi kukushukuru vizuri pale mlangoni, kwa sababu nilikuwa nimekasirika na sikujua nimemkasirikia nani.

Ulisikia mwenyewe alivyokataa kuja nami. Asubuhi ile ulipokwenda kununua sukari aliniambia jambo ambalo hukulisikia. Alisema, "Kwako nitakuwa mzigo uliowekwa mahali pazuri." Kisha akaniuliza ghorofa ya sita ina ngazi za namna gani, nikajua amefikiria muda mrefu, akapima, akaona haiwezekani. Nilikuwa nimekwisha kukunja mashati yake.

Ofisini nimeomba nguzo ziondolewe, au zisogezwe pembeni, au zipakwe rangi. Nimeomba kwa mdomo na kwa maandishi. Mkuu wa idara alinisikiliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Alisema nguzo zina vipimo sahihi. Alisema anampa pole mzee, lakini njia ya baiskeli haichorwi kwa ajili ya mtu asiyeona. Nikamwambia mtu huyo alikuwa anaona kiasi cha kufika kazini kila siku, mpaka tulipomwekea zege katikati. Akasema, "Ulichora wewe." Ni kweli.

Uliniona nikitoka dukani na kopo la rangi nyeupe siku ile. Hukuniona nikirudi nalo. Mlinzi wa mkandarasi alinizuia, akasema mradi haujakabidhiwa, ukiugusa unaharibu mali ya watu. Nilimwonyesha kitambulisho. Akasema kitambulisho cha kupaka rangi kinatoka idara nyingine.

Naomba umwangalie. Mwambie natafuta njia.

Mwanao,
Mhandisi

———

Tarehe 11 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo, na mkeo hajambo? Baba yako anaendelea, ila si mahali unapodhani.

Baada ya plasta kutolewa aliniomba nimpeleke mpaka kwenye ile nguzo. Nilidhani anataka kuitukana, nikaona ni haki yake. Aliishika, akaizunguka kwa mkono mzima, akaipapasa kichwani kama kichwa cha mtoto. Kesho yake akaomba kiti. Tangu hapo kila asubuhi ninamshika mkono, tunashuka, namkalisha pembeni ya nguzo, nami narudi dukani. Duka lake limefungwa. Aliyelifunga ni yeye, si wewe. Tundu la ufunguo limeziba, mwanangu. Sasa anatofautisha mchana na usiku tu.

Anakaa pale na kusema, "Kuna nguzo hapo, kaa kushoto." Hiyo ndiyo kazi yake. Baiskeli anazijua kwa sauti. Mnyororo wa fundi bomba unalia kama kuku, wauguzi wanajulikana kwa vicheko, mwuza maziwa kwa madumu. Wageni ndio anaowahi kuwaonya. Kijana mmoja alimwambia, "Babu, mbona naiona?" Akamjibu, "Vizuri, na mvua ikinyesha utaikumbuka." Watu wasiomjua wanamtupia sarafu. Siku ya kwanza alifoka mpaka mshipa ukamtoka shingoni. Siku hizi anaziokota na kuzirudisha, na asiyepokea anamwita mwenye masikio ya chuma.

Nilimwambia, wewe mtu, unailinda nguzo iliyokuvunja? Akasema hailindi. Anasema mwanawe alikosea kidogo, na kosa dogo mtu anaweza kulikalia mwenyewe.

Nimekuandikia hilo kama lilivyo. Sikutaka kulipunguza wala kuliongeza.

Ila mvua zimeanza na hataki kuondoka hata ikinyesha, maana anasema ndipo anapohitajika. Ana kikohozi. Nimemnunulia koti la mvua, halimtoshi mabegani.

Mama Vifungo

———

Tarehe 15 Novemba

Mwanangu,

Mama Vifungo anaandika, lakini maneno ni yangu na hatupingani leo.

Nimelazwa kitandani na kifua, daktari amekataza mvua na upepo. Nilikuwa nikihesabu nani atagonga nguzo nisipokuwepo. Jana jioni mwuza maziwa akaja kunijulia hali, akasema, "Fundi, wamezing'oa." Nikamwambia asinitanie mimi mgonjwa. Akaapa. Nguzo zote, kuanzia ya huku mtaani mpaka ya mwisho. Walikuja na mashine, wakazing'oa kama meno, wakafukia mashimo.

Mwanangu, umenisikia. Sikujua kama nitaishi kuliona, na kweli sijaliona, ila nimelisikia, na linatosha. Najua ulivyopigana na mkuu wako. Usinijibu kwa unyenyekevu. Kubali shukrani, ni za wapanda baiskeli wote. Nikipona nitakwenda pale nisimame katikati ya njia, nipapase hewa.

Baba yako,
Fundi

Mwanangu, haya ya chini ni yangu. Amegeukia ukutani, anadhani nafunga bahasha. Nguzo zimeng'olewa kweli, lakini si kwa ajili yetu. Wenye maduka makubwa walilalamika kwamba wateja wao hawana pa kuegesha. Walikuja na mpimaji, wakazungumza nusu saa, mashine ikaletwa. Kufikia jioni magari yalikuwa yamejipanga ndani ya njia kama ng'ombe zizini, mpaka shule. Ukingo mliouweka sasa unawazuia wanaoendesha baiskeli wasitoke wakishaingia. Wauguzi wamerudi kwenye lami na malori. Mwalimu anatembea kwa miguu, anamkokota mwanawe. Mwuza maziwa alipotaka kumaliza habari nilimkanyaga mguu. Niambie nifanye nini. Akipona atataka kushuka, na magari atayagusa mwenyewe.

———

Tarehe 24 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Mama, naomba umsomee yote, usiruke mstari. Unajua hata mimi nimejaribiwa kuuruka.

Baba, si mimi. Nguzo sikuzing'oa mimi, na ofisi yetu haikunisikiliza. Walizing'oa ili magari yaegeshwe, na magari yameshajaa humo. Niliitwa kutia sahihi nikakataa, akatia mwingine, na ilichukua muda mfupi kuliko kukunja karatasi. Nimehamishiwa chumba cha ramani za zamani. Huku hakuna anayejenga kitu.

Niliketi siku tatu na barua yako. Shukrani ile niliitaka sana. Nilitaka kukuandikia kwamba nimeipokea, ulale ukiamini. Ningekuwa nimekufanyia kama ulivyonifanyia Julai, na ningesema ni kwa mapenzi, na ingekuwa kweli. Lakini wewe ulinificha macho yako nikakuwekea zege njiani. Sitaki tena kuchora juu ya kitu nisichoambiwa, na sitaki wewe uende kupapasa hewa isiyokuwepo.

Nilisema magari yataingia nguzo zikiondoka, na yameingia. Sina furaha ya kuwa na haki. Tungeandikiana ukweli mwezi wa Februari, labda tungepata nguzo nyeupe, zikae kando kidogo, nawe ungepita. Labda. Mkuu wangu angesema fedha hazitoshi.

Nakuja mwisho wa mwaka. Sitakunja mashati yako.

Mwanao

———

Tarehe 9 Desemba

Mwanangu,

Nimemsomea, na sikuruka kitu.

Chai yake iliota ngozi mkononi. Nilidhani amesinzia. Kisha akasema, "Lile la sahihi, rudia." Nikarudia. Akasema, "Huyo sasa tunaweza kuzungumza naye." Hakulia mbele yangu. Usiku nilisikia kikohozi kirefu, na mimi kikohozi chake ninakijua, kile hakikuwa kikohozi.

Kifua kinamtoka polepole. Hashuki tena barabarani. Nilimwambia kiti chake nimekirudisha, akasema nikitumie dukani, wateja wangu wanasimama mno. Fundi bomba alikuja Jumapili, akakaa naye. Wauguzi walikuja, mmoja tu. Mwenzake alisukumwa na kioo cha lori pale baada ya shule, yuko hospitali anakofanyia kazi, wanamtibu wenzake. Atapona, wanasema. Habari hiyo baba yako aliiomba yote, nami nikampa yote. Sasa hivi ndivyo tunavyoishi.

Amenituma jambo moja. Baiskeli yake ameamua iuzwe. Mwuza maziwa aliinyoosha usukani na kubadili gurudumu la mbele, haina kasoro, breki zinashika, taa inawaka. Bei ameniachia mimi. Sharti lake ni moja tu, kwamba asiuziwe mtu atakayeipitisha barabara ile. Amesema nimwulize kila mnunuzi anakaa wapi na anafanya kazi wapi kabla sijamruhusu kuigusa.

Nimeiegemeza mlangoni kwangu tangu wiki iliyopita. Wanakuja wengi, maana ni baiskeli nzuri. Ninawauliza. Kila mmoja ananionyesha kwa mkono upande uleule, kuelekea sokoni, na kila mmoja anashangaa ninapomwuliza kama ana njia nyingine.

Mama Vifungo